Batri Iliyoanikwa Pamoja na Ndakala

Enzi zetu kule Kapata, umeme ulipokatika hakuna aliyestaajabu, tulistaajabu uliporudi. Ndiyo maana baba aliweka chini ya meza ya runinga batri kuukuu ya lori, nayo mama akaifunika kitambaa alichokifuma mwenyewe, kana kwamba ni kitu cha altareni.

Jumamosi moja tulitumwa, mimi na dada yangu Odile, tuipeleke kwa toroli hadi Musonoi ikajazwe. Kesho yake kaka yetu Yano, aliyekuwa masomoni Lubumbashi mwaka mzima bila kurudi, angeonekana kwenye runinga akiimba na kwaya; mama hakuwa na mazungumzo mengine. Njia ilikuwa ndefu, batri nzito. Tukakumbuka kwamba mapile ya redio, zile batri ndogo, yakichoka, mama huyaanika juani, nayo hupata nguvu. Basi tukaianika batri nyuma ya nyumba, kando ya samaki wadogo wa ndakala, tukiizungusha kwa uaminifu ipate jua pande zote.

Jumapili umeme ukakatika. Baba akaunganisha nyaya. Picha ikatokea, ikasinyaa kama punje ya hindi, ikazimika. Odile akaangua kilio, akaungama yote.

"Bajinga babili!" baba akanguruma. "Jua ni ya kukausha samaki, haiko ya kujaza batri!"

Mama, aliyevaa kitenge chake cha Pasaka, akajifuta machozi kwa ncha yake. Ndipo jirani yetu Tata Kabwe, dereva, aliyekuwa amesikia kelele zote, akaingia mbio, batri ya lori lake kifuani. "Mama Yano, usilie, mi niko!"

Tulimwona kaka kwa kibwagizo kimoja tu, cha mwisho. "Ule pale!" mama akapiga vigelegele. "Angalia shingo, imekonda! Lubumbashi habamulishe!" Tangu siku ile, kila umeme ulipokatika, baba alimfungulia mlango Tata Kabwe na batri yake.

Leo nyumba ileile ina paneli za jua juu ya paa la malata, na batri nyeupe, nyembamba, ukutani. Umeme ukikatika, wajukuu hawainui hata macho. Ukiwasimulia habari za toroli, hudhani ni programu ya simu.

Juzi nilimwonyesha baba paa. "Tata, jua ni ya nini?"

Akatazama kwa utulivu, kisha akacheka hadi machozi. "Ya kukausha samaki. Ile ingine mulinishinda."

Punde kinu cha unga cha mtaani kikanyamaza: umeme umekatika. Ndani, runinga iliendelea kuimba. Baba peke yake aliinuka, akaufungua mlango kwa mazoea, ingawa Tata Kabwe alihamia Lubudi miaka mingi iliyopita.