Ukuta Aliouruka Baba

Harufu ya mafuta ya nazi yaliyochemshwa na karafuu hunirudisha mtaa wa Mabawa, kwenye nyumba yetu ya vyumba viwili, msimu ule baba alipokuwa akiuguza goti. Kila alasiri mama alitandika mkeka uani akamchua, na mimi, msichana wa miaka tisa, nilishika bakuli. Baba alikuwa beki wa kati wa timu kubwa ya mjini, mtu wa kujisikia kidogo, asiyekubali kuonekana anaumia. Akiuma meno, mama alimcheka: "Washambuliaji wote hawakuwezi, kidole changu kimoja kinakuliza!" Daktari alipomruhusu, alimwonya jambo moja: kucheza acheze, ila asithubutu kuruka kutoka mahali pa juu mpaka goti likaze.

Mechi yake ya kwanza ilikuwa nyumbani, dhidi ya wageni tuliowaogopa. Alinichukua kwenye basi la timu, nikajiona malkia. Lakini basi halikwenda getini. Lilizunguka nyuma ya uwanja, likasimama ukutani. Wanaoujua mpira wetu hawahitaji kuelezwa: zilikuwa zimefika habari kwamba wageni wamemwaga dawa getini, na kamati imeamua timu ipite juu ya ukuta. Wachezaji walipanda mmoja mmoja, wakadondokea ndani. Baba alibaki chini na begi lake. Alimwambia Mzee Kibwana, mkubwa wa kamati, kwamba goti haliuwezi ukuta ule, bora apite getini na mwanawe. Mzee Kibwana hakugomba. Alisema kwa upole kabisa, "Pita, mwanangu. Ila tukifungwa leo, usije ukauliza kwa nini watu wanakutazama wewe." Baba alinitazama, akanipa begi, akapanda. Nilisikia kishindo upande wa pili, kisha kimya, kisha sauti yake ikisema yuko sawa. Mimi nilipitishwa getini na mpishi wa timu, na hiyo dawa haikunifanya kitu.

Tulifungwa mabao mawili, yote mshambuliaji akimpita baba. La pili alimpita kama anatembea, maana goti lilikataa kugeuka. Kabla mpira haujaisha, jukwaa zima lilikuwa likiimba kwamba beki ameuza mechi. Nilimsubiri Mzee Kibwana ainuke aseme ukweli. Alikuwa safu ya mbele, akitikisa kichwa pamoja na wenzake. Nyumbani nililia, nikasema nitawaambia watu wote habari za ukuta. Baba alinikatalia kwa ukali ambao sikuwahi kuuona. "Mambo ya kambini hayatoki nje. Ukisema, mimi si mwenzao tena." Sikusema. Shuleni niliitwa mtoto wa muuza mechi, nikanyamaza, na watu wa timu hawakumfanya baba mwenzao hata hivyo. Hakucheza tena. Mzee Kibwana alikuja kumpa pole ya goti, akanywa chai yetu, akaaga vizuri. Amekwishafariki na bado namchukia, Mungu anisamehe. Baba naye nilimchukia kidogo, kwa kuwapenda watu wale kuliko jina lake.

Leo nimeyatoa nje mambo ya kambini, na sikuomba ruhusa. Nimechoka. Baba anatembelea fimbo, na barazani wenzake hawajaacha kumtania: "Beki, leo unampitisha nani?" Anacheka nao, mimi naingia ndani nisije nikatukana watu wazima. Mwezi uliopita aliniomba nimpeleke uwanjani, mara ya kwanza tangu siku ile. Tulipokaribia, basi la timu lilitupita, likazunguka nyuma, na vijana wenye viatu vya bei mbaya wakaanza kuparamia ukuta uleule. Baba aliwatazama mpaka wa mwisho alipodondokea ndani. Tulikwenda getini, kijana asiyemjua baba akatukagulia tiketi, tukaingia. Baada ya kupita, baba alisimama, akageuka, akalitazama geti.

"Kumbe ni hatua tatu tu," akasema.