Leo nimepata mbwa bila kutaka

Jamani, msinicheke kwanza.

Bon, mnajua kazi ya kiwanda cha Tonawanda inavyochosha. Leo niko off, nikaenda kupumzika kwenye bustani hapa Buffalo. Nikaona sehemu yenye uzio na viti vizuri. Nikaingia, nikakaa.

Kumbe ni bustani ya mbwa! Kila mtu kaja na wake.

Mama mmoja mzungu akaniuliza kwa upole, "Wako ni yupi?"

Nikaona aibu kusema sina. Nikaonyesha mmoja mkubwa, mweupe, aliyelala mbali kabisa.

"Anaitwa nani?"

"Euh... Bonheur."

"Mwite basi, nimsalimie!"

Nikaita kwa sauti ndogo, huku naomba Mungu mbwa asinisikie. Mbwa akainuka, akaja mbio, akajilaza juu ya viatu vyangu!

Nyuma yake anakuja mzee, kamba mkononi. Ndiye mwenye mbwa.

"Mimi nikimwita haji," akasema. "Wewe umemwambia nini?"

Nikakiri yote. Walicheka mpaka machozi.

Donc, mzee kaniomba nimsaidie kumtembeza kila Jumamosi. Nimekubali, sijui kwa nini.

Sasa mke wangu anaogopa hata paka. Nani atanisaidia kumwambia?