Ama Nyumba Zote Tatu, Ama Hakuna

Saa tatu asubuhi, Februari 1987. Nje theluji inafika magotini. Ndani ya ofisi ya kubadilishana nyumba jijini Stockholm, Damalie Nakibuuka hagusi kahawa yake. Macho yake yako kwenye kioo cha kompyuta.

Kompyuta ya mtaa wa Rissne imejibu: tayari. Bredäng: tayari. Fisksätra kimya.

Hapa nyumba ya kupanga haipatikani kirahisi, hivyo wapangaji hubadilishana: wewe uingie kwangu, mimi niingie kwa mwenzangu, naye aingie kwako. Kila mtaa una kompyuta yake na daftari lake la wapangaji. Damalie, Mganda wa miaka 39 aliyefika mwaka 1974 akiwa mkimbizi, huandika programu ya kuyafanya madaftari hayo yabadilike pamoja.

"Ama yote yabadilike, ama hata moja lisiguswe," ananiambia mimi mwandishi niliyekuja kumtazama kazini. "Nusu ndiyo inaumiza watu."

Nusu anaijua. Novemba iliyopita programu yake iliandika mtaa mmoja baada ya mwingine, bila kuuliza kwanza kama yote iko tayari. Rissne ikaandikwa, Bredäng ikaandikwa, kisha laini ya Fisksätra ikakatika. Wamuyu, muuguzi kutoka Nyeri, akawa amefutwa Bredäng na hajaandikwa Fisksätra. Alifika Fisksätra na sufuria zake, akanyimwa ufunguo. Kurudi alikotoka, mgeni ameshatundika mapazia.

"Nilimfuata, nikamwambia kosa ni langu, si la mashine. Akanijibu, 'Basi nipe kitanda.'"

Mimi nacheka. Damalie hacheki. Wamuyu alilala sebuleni kwake siku kumi na tisa, mpaka nyumba yake ya Bredäng iliporudishwa mikononi mwake.

Maji yakimwagika hayazoleki, kwa hiyo sasa programu huuliza kabla ya kumwaga. Kila kompyuta huandika ahadi yake na kufunga ukurasa wa mpangaji usiguswe na mwingine, ili hata umeme ukikatika, ikiamka ikumbuke ilichoahidi. Zote tatu zikisema tayari, ndipo amri ya kubadilisha hutoka. Moja ikinyamaza kupita dakika tano, kurasa zote hufunguliwa bila kubadilishwa.

Na leo jina la Wamuyu limo tena. Ameshafunga masanduku.

Dakika ya tano inapita. Damalie anavuta pumzi, anafuta ombi, kisha anainua simu. 

"Dada Wamuyu, leo imekataa. Fisksätra haikujibu."

Sauti kutoka Bredäng: "Na mimi niko wapi sasa?"

"Uko kwako. Hakuna kilichoguswa."

"Kwangu kabisa?"

"Kabisa."

"Haya basi. Wacha nitoe sufuria, nichemshe chai."

Damalie anaweka simu na kunywa kahawa iliyopoa. Watajaribu tena Jumatatu. Naye anatamani kuhamia Fisksätra, karibu na dada yake Cissy, lakini fomu yake bado imo ndani ya mtoto wa meza.

"Jina langu litaingia kwenye mashine hii siku Wamuyu atakaponialika kwake Fisksätra," anasema. "Si kabla."