Matundu ya Cherehani ya Mwisho

Tangu alfajiri fundi wa kupitisha hewa alikuwa karakanani, hata chai hakunywa. Leo ndiyo siku ya kuwasha feni ya karakana hiyo ya kushona, na kwenye cherehani ya mwisho, kule ukutani kusiko na dirisha, alikaa mdogo wake mwenye pumu. Wiki iliyopita pumzi ilimkata kwa joto, wakambeba kumtoa nje.

Mfuko wa kupitisha hewa ulining'inia darini, wa turubai, mrefu kama behewa, umetobolewa matundu pande zote mbili. Hewa ikikwaruzana na kitambaa hupoteza nguvu, na kazi ya fundi ilikuwa kukadiria itapoteza kiasi gani mpaka ifike mwisho. Akakokotoa, akaogopa, akakokotoa tena. Kila alipomkumbuka mdogo wake akihangaika kuvuta pumzi, aliyapanua matundu ya mwisho kidogo zaidi. Akili gani hiyo? Akili ya dada, basi.

"Washa basi, fundi, tunaiva humu!" msimamizi akapaza sauti.

Akawasha. Mfuko ukajaa, ukanyooka. Kule mwisho vitambaa vikaruka mezani, mdogo wake akacheka huku ameshikilia kilemba. "Dada, umeniletea kimbunga!" Fundi nusura alie kwa furaha.

Lakini huku mbele, karibu na feni, mjamzito wa cherehani ya kwanza alikuwa anajipepea kwa kipande cha boksi, jasho linamchuruzika. Fundi akainua kiganja chini ya matundu yake. Wapi! Hapo akaelewa. Alikuwa amekokotoa kana kwamba hewa yote inasafiri hadi mwisho, kumbe inatoka njiani tundu kwa tundu, na ikishapungua haikwaruzani sana. Mwisho haukuhitaji kupendelewa hata chembe. Matundu yake mapana yalikuwa yanainyima hewa cherehani ya mbele.

"Nimekosea," akamwambia msimamizi, akazima feni. Joto likarudi palepale.

Akapanda ngazi na sindano na uzi, akaanza kuyashona matundu aliyoyapanua, yapungue. Alipofika juu ya kiti cha mdogo wake, mkono ukagoma. Na akikosea tena je? Safari hii watambeba mpaka wapi?

Mdogo wake alikuwa chini ameshika ngazi, kifua kimeshaanza kupiga miluzi.

"Na hayo pia, dada."

"Nyamaza, nahesabu."

"Huhesabu wewe, unaogopa. Mwenzangu ana mtoto tumboni. Shona."

Akashona.