Udongo wa Tuta

Mimba yangu ya kwanza niliibeba mji wetu wa Lubumbashi ukiwa bado unaitwa Elisabethville, na chakula chochote kilinichefua. Nilitaka udongo tu, ule wa kichuguu, unaonukia mvua ya kwanza. Mama mkwe alinicheka, akasema mjukuu wake anajua kuchagua. Kila jioni aliniletea donge, nami nikalitafuna bila kuuliza limetoka wapi.

Mashamba yetu ya mahindi yalikuwa bondeni, kando ya mto Lubumbashi. Wanaume wa mtaa waliyakinga kwa tuta la udongo wa vichuguu, kwa sababu ukishindiliwa hushikamana na haupitishi maji upesi. Chini lilikuwa pana, juu jembamba, na majani yalipandwa ili mizizi ilishike. Mto ulipojaa, maji kidogo yalivuja upande wa shamba. Yakiwa safi, hakuna aliyehangaika. Yakitoka na matope, watu walikimbia na makoleo, maana maji yamepata njia na yanalibeba tuta kutoka ndani.

Mvua kubwa zilipofika, yalitoka matope. Makoleo yalichelewa. Tuta lilikatika, na mto ukalala juu ya shamba la jirani yetu mjane.

Maji yalipopungua, kando ya pengo lilionekana shimo lililochongwa kwa kisu.

"Nani alikuwa anachimbaka hapa?" mzee mmoja aliuliza.

Mama mkwe alisogea mbele hadi ukingoni mwa shimo.

"Ni mimi. Muke ya mutoto yangu iko na mimba. Kule pori ni mbali, na magoti inaniuma."

Macho yote yalihamia tumboni kwangu. Mume wangu alikuwa miongoni mwa waliolijenga tuta lile. Aliangalia koleo lake. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Tangu siku hiyo nilijificha ndani, nikiona aibu hata kwenda kuchota maji.

Kisha mjane akaja. Nilijua amekuja kunisema, na nilikuwa tayari kusemwa. Akafungua pembe ya kitambaa chake, akatoa donge la udongo.

"Kula, mutoto yangu. Hii haiko ya tuta. Nilienda kuitafuta kule pori."

Nikala mbele yake, kichwa chini. Alikaa hadi nikamaliza, yeye ambaye nilikuwa nimemlia mahindi ya mwaka mzima.