Mama Ndoo na Funguo za Ghala

Jumatano, tarehe 14 Machi. Manyunyu tangu alfajiri. Jua lilijitokeza saa nne.

Siku hiyo kiwanda cha rangi kilikuwa kinachagua mtunza ghala. Waombaji walibaki wawili: dereva wa foklifti ya kunyanyulia mapipa, aliyeitwa Profesa kwa kuwa hakukuwa na jambo asilolijua, na Mama Ndoo, aliyefagia pale kwa miaka kumi na saba. Mama Ndoo alikwisha kuomba kazi hiyo mara mbili, na mara zote mbili aliambiwa Kiingereza chake hakitoshi kusoma maandishi ya mapipa. Akikosa na safari hii, angestaafu na fagio mkononi.

Lakini alikuwa amejiandaa. Kila neno aliloliona kwenye pipa alimuuliza bintiye, na hakuliandika daftarini mpaka alitende kwa mikono. Kwa ajili ya "soak up" alimwaga maji jikoni, akajaribu mchanga, gazeti, tambara, hata mfuko wa plastiki. Kwenye mstari wa plastiki aliandika: "Huu haunywi kitu."

"Mama, nyumba inageuka bwawa!" bintiye alilalamika.

"Niache, mwanangu. Niko shuleni."

Jua lilipotoka, meneja wa kiwanda alimwaga ndoo ya maji ya rangi uani, mbele ya wapakiaji wote. "Tuseme hii ni thina ya kuzimulia rangi. Pipa limeandikwa 'Soak up'. Haya, Profesa."

Profesa hakusita. Akaburuta mpira wa maji. "Soak ni kulowesha, bosi. Tunalowesha mpaka iishe!" Maji yakaisukuma rangi yote hadi mtaroni.

"Umeipeleka mtoni," meneja akasema, akamwaga ndoo ya pili. "Mama."

Mama Ndoo akachota mchanga mkavu. Akauzungusha pembeni kwanza, kama anayejenga ukuta, kisha akaujaza katikati. Halafu akasimama tu, mikono kiunoni.

"Sasa unangoja mchanga uchipue?" Profesa akamtania.

"Tulia, baba. Anayekunywa haharakishwi."

Mchanga ulipokolea rangi, akauzoa wote kwenye pipa la chuma, akafunika. Akapitisha kiganja sakafuni, akamwonyesha meneja: kikavu.

"Na pasipomwagika kitu, neno hilo linatumika?" meneja akamuuliza.

"Linatumika sana. Mtu akiota jua la asubuhi, Waingereza husema hivyo hivyo. Mtoto akikaa na wakubwa akayanasa maneno yao, vilevile. Hata matumizi yakimeza mshahara mzima. Sharti lake ni moja: kitu kiingie ndani ya kingine. Ukipangusa juu juu, bado hujafyonza."

Meneja alicheka kwa sauti, jambo ambalo halikuzoeleka. Akafungua pete ya funguo kiunoni mwake, akamkabidhi Mama Ndoo zote tisa. Wapakiaji wakapiga makofi na vigelegele, wakamzungusha uani wamembeba juu juu, viatu vikamvuka.

Profesa akaviokota, akamletea. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Hukushindwa kwa akili, uliponzwa na haraka."

Kesho yake, saa kumi na mbili na nusu, Mama Ndoo alifungua ghala mwenyewe, akachovya brashi kwenye rangi nyeupe, akaandika juu ya kila pipa la thina: IKIMWAGIKA, IFYONZE KWA MCHANGA MKAVU. USITIE MAJI.