Siki ya Bi Zena na madoa ya dashibodi kule Amu

Wakuu, hodi humu ndani. Nimesoma mnavyobishana juu ya madoa ya maji kwenye plastiki za magari, nikacheka peke yangu. Ngoja niwape ya kwangu, siongezi wala sipunguzi.

Miaka ya sitini mume wangu, Mkamba, alipelekwa Amu, yaani Lamu, kuendesha gari la ofisi. Magari yenyewe huko yalikuwa ya kutafuta kwa tochi. Tukapanga chumba mtaa wa Langoni, nyumba ya Bi Zena, mjane aliyeishi ghorofani.

Bosi akasafiri kwa mashua kisiwani Kiwayu, gari akaliacha. Mume wangu, mtu wa usafi kupita kiasi, akaliosha gari ndani na nje kwa maji ya kisima, akaliacha juani likauke.

Dashibodi nyeusi ya plastiki ikajaa madoa meupe!

Akapiga sabuni. Yalipokauka, yakarudi. Sokoni wakamwambia plastiki imeungua jua. Alikuwa bado kazini kwa majaribio, na mimi nina mimba ya kwanza.

"Bosi akiona hivi, tumekwisha," akaniambia. Akachota mchanga asugulie. Niliogopa, jamani.

Bi Zena alitusikia. Mwanamume mgeni hapandi kwa wanawake, basi nikampelekea mimi kitambaa alichopangusia yale madoa. Akakigusa kwa ncha ya ulimi!

"Huu ni munyu wa mai ya kisima. Mwambie awate mtanga. Natie siki kwenye mai ya mvua, apanguse polepole."

Nikashuka nikamweleza aache mchanga, ni munyu tu. Mume wangu akaruka.

"Amesema munyu? Hata mama yangu chumvi huiita munyu!"

Hofu ikamtoka palepale. Nadhani aliamini lile neno kabla ya kuiamini siki.

Madoa yakatoka yote. Bosi akarudi, akapanda, akanusa. "Dereva, umebeba achari?" Basi, ikaishia hapo. Kazi ikabaki.

Bi Zena alikuwa hajawahi kugusa gari. Akaja na buibui lake kuliona, akapitisha kidole kwenye dashibodi, akakilamba.

"Munyu umekwisha. Siki mumeizidisha."

Yule mama! Namhusudu mpaka leo.

Nyinyi wa detailing, mnaong'arisha magari, kabla ya kusugua doa, jueni kwanza lina nini ndani. Mnaotumia maji ya kisima, semeni mnafanyaje.

Na kama humu yumo mjukuu wa Bi Zena wa Langoni, ajue kwamba binti yetu wa kwanza anaitwa Zena.